Kabla ya kung'oa nanga Mahé, panga usingizi

Kutoka Victoria, kisiwani Mahé, Seychelles, hadi Mombasa ni karibu maili 950 za baharini. Mashua ya tanga ya familia ikienda maili tano kwa saa inakata 120 kwa siku, kwa hiyo hesabu siku nane. Chakula na maji pakia vya siku kumi na tano. Sisi tulivuka watu wanne, wakubwa wawili na watoto wawili, na kilichotuchosha kuliko mawimbi yote ni kukosa usingizi. Ndiyo maana maandalizi yangu yanaanzia kitandani.

Msimu kwanza. Upepo wa kusi hutoka kusini-mashariki, na kwa anayeelekea magharibi humjia nyuma, ubavu wa kushoto. Ni upepo mzuri wa safari. Julai na Agosti huwa mkali zaidi. Mwenye watoto wadogo ni heri angoje Septemba.

Upepo huohuo ndio unaoamua nani alale wapi. Mashua italalia kulia safari karibu nzima, kwa hiyo aliye kitanda cha kulia anaegemea ubavu wa mashua, na wa kushoto anamwagika sakafuni. Shonea kila kitanda kipande imara cha turubai cha kumzuia anayelala, kifungwe juu kwa kamba, kisha mlale humo usiku mmoja mkiwa bado bandarini. Halafu yasikilize makabati. Usiku wetu wa pili kikombe kimoja cha bati kiligonga ukuta wa kabati kila mashua ilipoyumba, mpaka saa tisa, binti yetu analia kwa uchovu. Nilikisokomeza katikati ya kanga mbili, naye akalala kabla sijafunga mlango wa kabati. Laiti ningefanya hivyo Mahé! Jazeni nguo na taulo kati ya kila chupa, sufuria na sahani kabla ya kuondoka.

Zamu ziandikwe na zibandikwe. Wakubwa wakiwa wawili, saa tatu tatu zinatosha: saa mbili usiku hadi saa tano, saa tano hadi saa nane, saa nane hadi saa kumi na moja alfajiri. Mtu wa zamu ainuke atazame pande zote kila dakika kumi, kwa sababu meli kubwa uliyoiona sasa hivi kwenye upeo inaweza kukufikia ndani ya dakika ishirini. Asitoke nje ya kiti cha usukani usiku bila kumwamsha mwenzake, na awe amevaa mkanda wa kifuani ulionaswa kwenye kamba ya usalama. Watoto nao wavae mikanda hiyo kila wanapokuwa juu, hata bahari ikitulia kama sahani. Saa ya Mahé iko mbele ya Mombasa kwa saa moja. Bakini na moja tu hadi bandarini, zamu zisije zikavurugika.

Maji ya kunywa na kupikia, weka lita nne kwa kila mtu kwa siku. Kwa watu wanne na siku kumi na tano ni lita 240. Yagawe kwenye matangi mawili na madumu, maana tangi moja likiingia chumvi hamtakuwa mmepoteza yote. Chakula cha siku tatu za mwanzo kiwe tayari: mahamri, mayai ya kuchemsha, viazi. Siku hizo kichefuchefu huwapata hata wazoefu, na kusimama jikoni ni adhabu. Dawa ya kichefuchefu ijaribuni nchi kavu, na kipimo cha watoto mwulizeni daktari.

Mwaka 2009 wanandoa Waingereza waliotoka Seychelles kuelekea Tanzania kwa mashua yao walitekwa na maharamia wa Kisomali, wakaachiliwa mwaka uliofuata. Someni taarifa za usalama wa bahari za wiki hiyo. Zikiwa mbaya, ahirisheni. Kagueni tarehe ya betri ya kifaa cha kutoa ishara ya dharura kwa setilaiti, na mtoto mkubwa afundishwe kuita msaada kwenye redio, chaneli 16.

La mwisho ni kufika. Wakati wa kusi mkondo wa pwani hukimbia kaskazini kwa nguvu, na anayeupita mlango wa Mombasa hurudi kwa taabu dhidi ya maji na upepo. Lengeni kusini yake. Hesabu ikionyesha mtafika usiku, punguzeni tanga tangu siku iliyotangulia, mbaki mbali na nchi hadi kupambazuke. Ngalawa nyingi za wavuvi hazina taa, na macho ya mtu aliyelala vipande vipande kwa siku nane hayafai kuzitafuta gizani.