Unakwenda kwa Mtaalamu wa Tiba ya Mazungumzo? Kuanzia Simu ya Kwanza Hadi Kuagana

Kikao changu huchukua dakika 50. Mara nyingi dakika ya 48, mteja keshabeba mkoba na mkono umeshafika kwenye kitasa, ndipo hugeuka: "Halafu, sijui kama hili lina maana, ila tangu mume wangu arudi silali." Kisha anatoka. Wenzangu wote katika kazi hii wanalijua jambo hilo la mlangoni. Kwa dakika 48 tumezungumzia kazi na foleni ya magari, na kilichomleta kimesubiri hadi muda ukaisha.

Hatua hizi nimeziandika kwa anayekwenda kwa mara ya kwanza kwa mtaalamu mwenye kliniki yake binafsi, ili lake lisisubiri mlangoni.

Hatua ya 1: Jua unakwenda kwa nani

Watu huwachanganya watatu. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza, kwa hiyo anaandika dawa. Mwanasaikolojia amesomea akili na tabia, na wengi wao hufanya vipimo na tiba pia. Mtaalamu wa tiba ya mazungumzo anatibu kwa mazungumzo yenye utaratibu, na sehemu nyingi za dunia haruhusiwi kuandika dawa. Unaweza kuhitaji wawili kwa wakati mmoja, na hilo ni la kawaida kabisa.

Muulize mambo matatu bila haya: umesomea nini, umesajiliwa na chombo gani, na nani anakusimamia. Hilo la tatu wengi hawalijui. Hata sisi wenye miaka mingi kazini hukaa na mwenzetu mzoefu tukampelekea kazi yetu aikague, bila kutaja majina ya wateja. Asiye na msimamizi anafanya kazi gizani. Na anayeona umemvunjia heshima kwa kumuuliza, mwache, tafuta mwingine.

Hatua ya 2: Simu ya kwanza

Dakika 10 au 15 zinatosha. Usimweleze maisha yako yote kwenye simu. Sema kwa sentensi mbili unachotafuta, kisha uliza ada ni kiasi gani kwa kikao, inalipwa kabla au baada, na ukighairi inakuwaje. Wengi wetu tunataka taarifa saa 24 au 48 kabla, la sivyo unalipa kikao kizima. Wateja hukasirikia sheria hii, nami naielewa hasira yao. Lakini kwangu hakuna foleni ya watu nje. Saa yako imetengwa kwa jina lako, na usipokuja inabaki tupu.

Kama bima ndiyo italipa, uliza mapema itadai kuandikiwa nini. Mara nyingi bima hutaka jina la ugonjwa, na huenda usipende jina hilo liandikwe.

Muulize pia, "Kikao chako huwa kinakwendaje?" Jibu litakuonyesha aina ya tiba. Anayefuata njia iliyojengwa na Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, tangu miaka ya 1960 atafuatilia mawazo na mwenendo wako wa sasa, na atakupa kazi za kufanya nyumbani. Aliyetokea upande wa Sigmund Freud, daktari aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi, atakurudisha utotoni na atakuwa mkimya zaidi. Mfuasi wa mwanasaikolojia Carl Rogers atakuacha wewe uongoze njia. Usihangaike sana kutafuta ipi ni bora kuliko zote. Cha kuangalia ni kama unaweza kufanya kazi kwa namna hiyo.

Hatua ya 3: Kikao cha kwanza

Utakuta viti viwili. Kochi la kulalia linaonekana zaidi kwenye filamu. Utapewa fomu ya ridhaa. Isome, usisaini tu. Wengi huanza na dodoso fupi. Maarufu ni PHQ-9, ya kupima dalili za sonona, yenye maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja likijibiwa kwa alama 0 hadi 3, kwa hiyo jumla haizidi 27. Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Hapo ndipo kalamu husita. Andika ukweli. Kuwa na mawazo hayo hakumfanyi mtaalamu anyanyue simu papo hapo. Atakuuliza zaidi: yanakuja mara ngapi, una mpango, una kitu cha kujidhuru karibu? Halafu mtapanga pamoja namna ya kukuweka salama. Mficha uchi hazai, na kwenye swali hilo msemo huu ni wa kweli kuliko mahali pengine popote.

Swali ninalolipenda kuuliza siku ya kwanza ni hili: "Kwa nini umekuja leo, na si miezi sita iliyopita?" Tatizo huwa ni la zamani, lakini kuna kitu kimetokea wiki hii kikamsukuma mtu kupiga simu. Fikiria jibu lako ukiwa njiani.

Kutakuwa na kimya. Usikijaze haraka haraka. Mtaalamu hajakwama, anakupa nafasi. Na ukilia, lia. Boksi la tishu lipo mezani kwa kazi hiyo.

Usirudi moja kwa moja kazini baada ya kikao. Jipe nusu saa. Wengi huchoka mwili mzima kana kwamba wamebeba mizigo, na wengine hujisikia vibaya zaidi siku moja au mbili kabla ya kupata nafuu.

Hatua ya 4: Siri, na pale inapoishia

Unayoyasema yanabaki chumbani, isipokuwa katika hali chache ambazo mtaalamu anapaswa kukutajia siku ya kwanza kabisa: maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini, mtoto akiwa anadhurika, au mahakama ikiamuru. Maelezo yake hutofautiana kwa sheria za kila nchi, kwa hiyo mwambie akueleze za kwenu. Asipozitaja, mkumbushe.

Mkikutana barabarani, huenda akapita bila kukusalimu. Si dharau. Anakuachia uamuzi wa kuonekana mnajuana au la, ukimsalimu ataitika.

Jua pia kwamba kliniki binafsi si huduma ya dharura. Usiku wa manane ujumbe wako unaweza usisomwe hadi asubuhi. Ukiwa na mpango wa kujidhuru, nenda hospitali iliyo karibu au piga simu ya dharura, usisubiri kikao cha Alhamisi.

Hatua ya 5: Lengo linaloweza kuonekana

"Nataka amani ya moyo" ni dua, nami naiitikia amina, lakini siwezi kuipima. "Nataka niweze kuongea mkutanini bila kutoka nje" naweza. Kwa njia ya Beck, vikao 12 hadi 20 ni kawaida, mara moja kwa wiki. Njia nyingine huchukua miaka. Kubalianeni tangu mwanzo kwamba kwenye kikao cha 6 hivi mtasimama na kuangalia mmefika wapi.

Kazi ya nyumbani inafanana na hii, kutoka kwenye daftari nililolitunga kwa mfano:

Tukio: bosi amesoma ujumbe wangu, hajajibu.
Wazo: anataka kunifukuza. Naliamini kwa 90 katika 100.
Hisia: hofu, 80.
Ushahidi wa kuliunga wazo: alikuwa mkali Jumatatu.
Ushahidi wa kulipinga: Jumatatu alikuwa mkali kwa kila mtu, jana amenipa kazi ya mwezi ujao.
Hofu sasa: 45.

Tazama kwamba hofu haikushuka hadi sifuri. Anayekuahidi sifuri anakudanganya. Tunachotafuta ni nafasi ndogo kati ya wazo na wewe, ya kukutosha kumaliza siku bila kumtumia bosi jumbe nyingine nne. Jaza daftari siku ileile. Ukilijaza kwenye chumba cha kusubiria, tunatambua, wino huwa wa rangi moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 6: Mwambie akikukera

Hii ndiyo hatua ngumu, na ndiyo inayorukwa zaidi. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Edward Bordin alieleza kwamba ushirikiano wa mteja na mtaalamu unasimama juu ya mambo matatu: kukubaliana lengo, kukubaliana kazi, na kuwa na uhusiano wa kuaminiana. La tatu huvunjika kimyakimya.

Mimi mwenyewe niliwahi kutupia jicho saa ya ukutani wakati mteja anaeleza jambo zito. Aliniona. Akanyamaza kuhusu hilo kwa vikao vitatu, akizungumza mambo mepesi tu, nami nikidhani anaendelea vizuri. Siku aliyosema, "Wiki ile uliangalia saa, nikajua nimekuchosha," nilimwomba radhi, na hapo ndipo tukapata kujua ni nani mwingine maishani mwake aliyekuwa akimchoka. Vikao vilivyofuata vilikuwa vya aina nyingine kabisa.

Maneno huwa magumu, basi yachukue haya: "Ulivyosema wiki iliyopita kuliniuma." "Sioni tunakoelekea." "Kuna jambo sijakuambia, na naogopa kulisema." Lianze hilo la mwisho dakika ya 5. Huna haja ya kusema jambo lenyewe siku hiyo. Tunaweza kuanza na woga.

Hatua ya 7: Yasiyojadiliwa

Akikutongoza, akikukopa pesa, akikushirikisha kwenye biashara yake au akikusimulia mambo ya mteja mwingine, ondoka na umripoti kwa chombo kilichomsajili. Hapa huna deni la kumweleza kwanza.

Hatua ya 8: Kuagana

Usipotee kwa kutopokea simu. Hata kama fedha zimekwisha, au umemchoka, sema, kisha mtengee kikao kimoja au viwili vya kufunga. Katika vikao hivyo andikeni dalili zako za mwanzo, zile zinazotangulia kabla hali haijawa mbaya: kwa mmoja ni kuacha kujibu ndugu zake, kwa mwingine ni kulala na nguo za kazini. Karatasi hiyo ondoka nayo. Uliza faili lako litatunzwa kwa muda gani na nani atalishika kliniki ikifungwa. Uliza pia kama unaweza kurudi baadaye kwa kikao kimoja tu. Kwangu jibu ni ndiyo, na wengi hurudi na ile karatasi mkononi, wamezungushia dalili mbili kwa kalamu.