Chagua meli, alafu chagua siku: utafiti kabla hujashika gundi

Wengi tukianza modeli za meli tunaanzia kwenye boksi, unanunua, unafungua, unagundisha, alafu modeli ikifika nusu ndo unaanza kuuliza hivi hii meli ilikuwa rangi gani. Geuza huo mpangilio. Kabla ya gundi jiulize maswali mawili, meli gani, na ya siku gani. Hilo la pili ndo watu wanaliruka na ndo lenye kazi yenyewe, manake meli haikai vilevile, inapakwa rangi upya, inabadilishwa milingoti, inaongezwa mizinga, inapigwa, inatengenezwa.

Chukua Bismarck, manowari ya Wajerumani. Inaondoka Baltiki Mei 1941 ikiwa na mistari myeusi na myeupe ubavuni, tarehe 21 iko Norwei mabaharia wanaipaka kijivu juu ya ile mistari, tarehe 27 imezama. Sasa ukisema tu "najenga Bismarck" hujasema kitu bado, mistari inakuwepo au haipo kutegemea siku uliyochagua, na ukiwa na mistari usiweke kwenye kibao chini "pambano na Hood", hilo la kupigana na manowari ya Uingereza lilikuwa tarehe 24.

Ukishapata siku yako, anza na picha. Kwa meli za Marekani kuna Naval History and Heritage Command, wana picha nyingi sana mtandaoni na historia fupi ya karibu kila meli ya jeshi lao, bure kabisa. Kwa za Uingereza angalia Imperial War Museums. Maktaba ya Bunge la Marekani nao wana michoro ya meli za zamani zilizopimwa moja kwa moja kwa ajili ya kumbukumbu, unaishusha kwa ukubwa mzuri tu.

Ila picha usiiamini kwa maandishi yaliyo chini yake. Mfano wa kila siku ni Titanic na dada yake (meli iliyojengwa kwa ramani ileile) Olympic, picha za Olympic zimesambaa kila mahali zimeandikwa Titanic. Ukitaka kuzitofautisha tazama sitaha A, ile baraza ndefu iliyo chini tu ya sitaha ya maboti: kwa Titanic nusu ya mbele imezibwa kwa madirisha, kwa Olympic iko wazi mwanzo hadi mwisho. Sekunde tano tu unajua. Kila meli yenye dada inataka ujue alama kama hiyo kabla hujaanza kukusanya picha, la sivyo unajaza folda ya meli mbili ukidhani ni moja.

Na rangi kwenye picha nyeusi na nyeupe ni mtego mwingine. Filamu nyingi za zamani zilikuwa hazioni rangi nyekundu, kwa hiyo nyekundu inatoka nyeusi tii na bluu inatoka nyeupe, ukikuta mstari mweusi usikimbilie kopo la rangi nyeusi, tafuta maandishi kwanza. Hata wataalamu wenye meli yenyewe mkononi wanabadilisha mawazo. Vasa, manowari ya Uswidi, ilizama Stockholm 1628, ikainuliwa 1961, na kwa miaka mingi iliaminika nakshi za tezini (nyuma ya meli) zilikuwa juu ya bluu, baadaye walipochunguza chembe za rangi kwenye mbao ikaonekana ni nyekundu. HMS Victory, manowari ya matanga ya Uingereza, vilevile, walichimba tabaka za rangi moja moja na 2015 ikapakwa upya rangi ya njano iliyopauka inayoelekea pinki, siyo ile njano kali tuliyoizoea kwenye maboksi. Kwa hiyo ukikuta maelekezo ya rangi angalia yameandikwa mwaka gani.

Tuje kwenye ramani za meli. Hazina kubwa kwa meli za matanga za Kiingereza iko National Maritime Museum, Greenwich, unaweza kuagiza nakala. Nyingi za meli za kivita zilichorwa robo inchi kwa futi moja, yani 1:48, na ndo maana hicho kipimo kinapendwa sana na wanaojenga kwa mbao. Ila kuna mambo mawili lazima uyajue. La kwanza, karatasi inasinyaa na inavutika, na nakala nayo inapotosha, kwa hiyo pima mstari wa kipimo uliochorwa kwenye ramani yenyewe, kwa urefu na kwa upana, usiamini tu kwamba imeandikwa 1:48. La pili ndo linaloharibu modeli za watu: mistari ya umbo la meli kwenye ramani hizo inaonyesha nje ya mataruma (mbavu za meli), mbao za nje hazijawekwa. Kama mbao zilikuwa na unene wa sentimita 10, kwa 1:48 hiyo ni milimita 2 hivi kila upande, ukikata mataruma yako kwa mstari huo ni sawa, ila ukichonga gogo zima kwa mstari huo bila kubandika mbao meli yako inakuwa nyembamba milimita 4. Angalia pia kama ramani ni ya kabla ya kujenga au ya baada, kiwandani mambo yalibadilika.

Picha hakuna na ramani iko kimya? Hapo nenda kwenye batli, daftari la safari ambalo nahodha alijaza kila siku. Za jeshi la majini la Uingereza ziko The National Archives, Kew, za manahodha wa zamani tafuta fungu lenye namba ADM 51, za masailing masta (maofisa walioongoza njia ya meli) ADM 52, za karne ya 20 ADM 53. Inachosha kusoma, upepo, upepo, upepo, alafu ghafla unakuta mstari mmoja kwamba leo watu wamepaka meli rangi au wamebadilisha foromali (mti unaobeba tanga), na hiyo ndo dhahabu manake ina tarehe. Kwa kamba na milingoti ya mwisho wa karne ya 18 kuna majedwali ya mwandishi wa Kiingereza David Steel ya 1794, yamewekwa mtandaoni bure, yanakupa unene wa karibu kila kamba.

Andika kila kitu kwenye jedwali lako: sehemu ya meli, ushahidi, tarehe ya ushahidi, na kama ni uhakika au ni kukisia kutoka kwa dada yake. Modeli ya zamani ya makumbusho ni ushahidi pia, ila uliza nani aliijenga na lini, nyingi zimetengenezwa upya kamba zote na mafundi wa baadaye.

Mwisho wa kuchimba unaamuliwa na kipimo chako. Kwa 1:700 milimita moja ni sentimita 70, baharia mzima ana milimita 2 na nusu, kwa hiyo kubishana kuhusu unene wa kamba ya sentimita 3 hapo ni kujitesa bure, lakini mistari ya rangi na umbo la dohani vinaonekana kutoka mbali. Kwa 1:48 hata kichwa cha msumari kinaweza kuonekana, na hapo kabla ya kukata mbao rudi kwenye jedwali uone mistari mingapi bado imeandikwa "nakisia".