Kukimbia na saa ya GPS kwenye baridi ya Chicago

Kati ya Desemba na Machi, saa ya GPS ya mkimbiaji wa Chicago hukosea mara nyingi kwenye mambo manne: chaji ya betri, mapigo ya moyo, kasi ya papo hapo na vilima. Kila kosa lina chanzo chake, na sehemu kubwa huzuilika kabla hujafungua mlango. Maelekezo haya ni hasa kwa aliyezoea kukimbia kwenye joto la Mombasa, Bujumbura au Dar es Salaam na sasa anaishi Rogers Park, West Ridge au Edgewater, kaskazini mwa Chicago, ambako ziwa liko karibu na upepo wake haubembelezi mtu.

Betri: usikubali ipoe

Ndani ya betri ya lithiamu chembe za umeme husafiri kwenye kimiminika. Baridi ikikifanya kizito, chembe huenda polepole na volti hushuka. Saa ikiona volti iko chini mno hujizima, hata kama dakika moja iliyopita ilionyesha asilimia 30. Ukiingia ndani ikapata joto, asilimia zinarudi. Chaji haikuisha, ilikuwa imekwama.

Dawa ni joto la mwili wako. Chaji saa hadi 100 usiku, ndani ya nyumba, na usiiache kwenye gari. Ivae kwenye ngozi, chini ya mkono wa jaketi. Kitambaa hakizuii mawimbi ya setilaiti. Wengi huivaa juu ya jaketi ili waione kwa urahisi. Hapo betri inapoa haraka na mapigo ya moyo hayapimwi kabisa. Tatizo la kuivaa chini ni kwamba glavu au mkono wa jaketi hubonyeza vitufe, na unagundua kilomita 4 baadaye kwamba saa ilisimama. Kwa hiyo funga vitufe na skrini ya kugusa ukishaanza.

Simu nayo iweke mfuko wa ndani, karibu na kifua. Ukiteleza ukaumia, simu ndiyo itakayoita msaada, kwa hiyo joto lake ni muhimu kuliko la saa.

Kunasa setilaiti bila kuganda mlangoni

Saa inahitaji angalau setilaiti 4, ambazo kwa mfumo wa GPS huzunguka kama kilomita 20,200 juu ya dunia. Kila setilaiti hutangaza taarifa za njia yake, na kuzipokea kutoka angani huchukua nusu dakika au zaidi. Saa iliyokaa siku kadhaa bila kuunganishwa na simu hulazimika kuanza upya. Ukiwa nje kwenye nyuzi 12 za Selsiasi chini ya sifuri, hizo ni dakika ndefu sana.

Fanya hivi. Ukiwa bado ndani, fungua programu ya saa kwenye simu na uache saa iungane nayo, ili ichukue mapema taarifa za mahali setilaiti zilipo. Pasha mwili moto dakika 5 hadi 10 sebuleni: pandisha magoti, chuchumaa, rusha miguu mbele na nyuma. Kisha toka, simama mbali na ukuta na paa la baraza, fungua ukurasa wa kukimbia lakini usibonyeze kuanza. Saa ikisema iko tayari, ongeza nusu dakika hadi dakika moja ukiwa unarukaruka. Inapotangaza kuwa tayari mara nyingi imenasa setilaiti za kutosha tu, na muda huo wa ziada huipa nyingine. Anayebonyeza mara moja ndiye anayeona mstari wa ramani ukianzia jikoni kwa jirani.

Kwenye mipangilio, chagua kurekodi kila sekunde, washa mifumo yote ya setilaiti, na kama saa yako hupokea masafa mawili ya mawimbi ya setilaiti, L1 na L5, yatumie. Zima kusimama kwa kiotomatiki, kwa sababu ishara ikiyumba saa hudhani umesimama. Kwenye skrini weka vitu vitatu tu: muda, umbali, na wastani wa mwendo wa kilomita unayokimbia sasa. Ondoa kasi ya papo hapo. Kosa la mita chache kwenye sekunde chache hubadilisha dakika 5:30 kwa kilomita kuwa 4:40, na mkimbiaji anayeifuata namba hiyo juu ya theluji anajichosha bure.

Mahali saa inapopotea

Kwenye njia ya kandokando ya Ziwa Michigan, Lakefront Trail, yenye urefu wa takriban kilomita 29, mbingu ziko wazi upande wa mashariki na saa hufanya kazi vizuri. Ukiingia Loop, kitovu cha jiji, katikati ya maghorofa marefu, mambo hubadilika. Mawimbi hugonga kuta za vioo kabla ya kufika mkononi, hivyo yanasafiri njia ndefu zaidi, na saa hudhani uko mtaa wa pili. Masafa mawili husaidia kutenganisha wimbi lililokuja moja kwa moja na lililorudishwa na ukuta, lakini hayamalizi tatizo. Kwenye Lower Wacker Drive, barabara inayopita chini ya Wacker Drive, hakuna ishara kabisa; hapo saa hukisia kwa mtikisiko wa mkono, na ukiwa umebana mikono kwa baridi, makisio yanazidi kuharibika. Ukikimbia Loop, amini muda, umbali usiuamini.

Jiji lenyewe limekupa rula ya kuhakiki saa. Upande wa kaskazini, na vilevile magharibi, kila namba 800 za anwani ni maili moja, yaani mita 1,609. Western Avenue iko 2400 magharibi na Kedzie iko 3200. Kwa hiyo ukikimbia Devon Avenue kutoka Western hadi Kedzie, saa inapaswa kuonyesha kama kilomita 1.61. Ikionyesha 1.60 au 1.63, iko sawa. Ikionyesha 1.70, rudi kwenye mipangilio. Usitumie kipimo hiki kusini ya barabara ya Madison hadi mtaa wa 31. Kipande hicho hakifuati hesabu ya 800.

Mapigo ya moyo na vilima vya uongo

Mwanga wa kijani chini ya saa husoma damu inayopita kwenye ngozi. Baridi hubana mishipa ya mkono, damu inapungua, na saa inaanza kusoma mtikisiko wa hatua zako badala ya moyo. Dalili yake ni mapigo 170 hadi 180 huku unaongea bila kuhema. Vaa saa vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo cha mkono na kaza kidogo kuliko kiangazi. Anayefanya mazoezi kwa mapigo ya moyo atumie mkanda wa kifuani, na aloweshe sehemu zake za kugusa ngozi kwa maji ya uvuguvugu. Mkanda ukiwa mkavu, msuguano wa fulana huzalisha umeme unaoleta namba za ajabu mpaka jasho litoke.

Chicago ni tambarare, lakini saa yenye kipimahewa, kinachokisia mwinuko kwa mgandamizo wa hewa, inaweza kukuandikia mlima. Kushuka kwa hektopaskali 1 ya mgandamizo wa hewa huonekana kama kupanda mita 8 hivi. Dhoruba ikikaribia, hektopaskali 5 ni mita 40 ambazo hukuzipanda. Joto la hewa usilisome mkononi pia, kwani saa hupima joto la ngozi yako.

Nguo, upepo na barafu

Vaa kana kwamba nje kuna joto la nyuzi 10 zaidi. Ukitoka ukihisi baridi kidogo, umepatia. Nguo ya ngozini iwe ya poliesta au sufu ya merino, kamwe isiwe pamba, kwa sababu pamba hushika jasho na kukugandisha. Juu yake jaketi jepesi la kuzuia upepo. Glavu zenye vidole vilivyokaa pamoja zina joto kuliko zenye vidole mbalimbali.

Upepo uhesabu kabla ya kilomita. Nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 30 kwa saa ngozi huhisi kama nyuzi 20 chini ya sifuri. Anza ukiukabili upepo, urudi ukiwa mgongoni. Ukifanya kinyume, utageuka ukiwa umelowa jasho na upepo utakukuta hivyo hivyo. Hisia ya baridi ikifika nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Kwa mtu mweusi usisubiri wekundu. Tazama ngozi inayogeuka ya kijivu au kama nta, na ganzi kwenye pua, masikio na vidole. Ingia ndani, loweka sehemu hiyo kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, usisugue. Ganzi isipoondoka, nenda hospitali.

Kwenye barafu fupisha hatua, tua mguu chini ya kiuno, na sahau mwendo wa kilomita. Kimbia kwa dakika. Karibu na ziwa mawimbi hurusha maji yanayoganda juu ya njia, na barafu hiyo huwa laini kama kioo hata pale theluji ilipoondolewa. Mwishoni mwa Desemba jua linatua saa kumi na dakika ishirini hivi jioni, kwa hiyo baada ya kazi unahitaji taa ya kichwani na fulana inayoakisi mwanga.

Ukirudi

Vua nguo zilizolowa kwanza. Osha saa kwa maji ya vuguvugu kuondoa jasho na chumvi ya barabarani, kausha vituo vya kuchajia, na usubiri nusu saa kabla ya kuiweka kwenye chaji. Betri ikichajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri, madini ya lithiamu hujitanda ndani yake na uharibifu huo haurudi nyuma.

Siku ambazo upepo umeshusha hisia ya baridi chini ya ile nyuzi 28, kimbia ndani, kwenye mashine ya kukimbilia. Chagua hali ya kukimbia ndani ili GPS izimike, achia mikono itembee kawaida bila kushika vyuma, na saa ikikuuliza umbali mwishoni, ingiza ule wa mashine. Itajifunza urefu wa hatua zako, na itakisia vizuri zaidi utakapopita tena chini ya Wacker.