Bibi akisema "mzima tu", ulizia shamba

Ukimwuliza bibi wa Tandahimba anaumwa wapi, atakujibu, "Mzima tu mwanangu, uzee huu." Miaka 19 ya uuguzi zahanati imenifundisha kuliacha swali hilo. Siku hizi nikishamaliza shikamoo naulizia shughuli. Korosho mwaka huu umeokota? Kusujudu unasujudu, au unaswali umekaa? Chooni unainukaje? Bibi mmoja alikuwa hajakanyaga shamba misimu miwili, nyumbani wakidhani amechoka. Kumbe goti.

Akifunguka, aoneshe penyewe kwa kidole. Kisha pima ukali. Namba huwapiga chenga wengi, kwa hiyo namwaga korosho 10 mezani: "Bibi, nitengee za maumivu ya jana usiku." Akitenga 8 leo na 5 mwezi ujao, dawa inafanya kazi. Asiyeweza kujieleza kwa ugonjwa wa kusahau, mtazame unapomgeuza kitandani: anakunja uso? Anaguna? Anakung'ang'ania mkono? Na miguu ikiwaka moto au kufa ganzi, shuku mishipa ya fahamu, mpime sukari.

Kabla ya kumpa kidonge, mwambie alete mfuko wa dawa zake zote. Yule bibi wa goti alikuwa na presha, na mjukuu alikuwa akimnunulia diklofenaki, dawa ya maumivu, dukani, kila siku, mwezi mzima. Alikuja na choo cheusi kama lami: tumbo linavuja damu. Dawa za kundi hilo huumiza pia figo na kupandisha presha, na mzee ndiye huumia upesi. Mimi naanza na parasetamo, miligramu 500, vidonge 2 mara 3 kwa siku, basi. Mwembamba sana au mwenye ini bovu apunguziwe na daktari.

Maumivu yenye homa, kukonda, mguu kulegea ghafla au mkojo kumponyoka, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Goti lenyewe linataka kazi. Akae kwenye kiti kirefu, asimame, akae, mara 10 asubuhi na jioni. Kubangua korosho achuchumae? Hapana, naye apewe kiti.

Fimbo ndiyo wengi wanakosea: hushikwa mkono wa upande wa goti lisilouma, na mpini ufike usawa wa kifundo cha mkono akisimama wima. Babu mmoja wa miaka 81 aliikataa, eti ni ya wazee. Nikamwambia ni ya kufukuzia mbuzi. Mwanawe akaipunguza vidole vinne palepale mlangoni, babu akaondoka nayo.