Somo: kuandaa pikipiki kabla ya msimu wa mchanga, kwa sisi wa Mombasa

Haya wazee, kaskazi ikishakamata tu watu wanaanza kuulizana Mambrui lini, kule kwenye matuta ya mchanga, na wiki hiyo hiyo ndio mtu anakumbuka skrambla, ile pikipiki ya porini na mchangani, iko chini ya turubai tangu masika. Tuanze sai. Naongelea pikipiki zaidi, wenye kwodi, zile za magurudumu manne, ntawataja panapotofautiana.

Hatua ya 1, mafuta. Petroli iliyolala tangi miezi minne mitano kwa joto letu hili itoe yote, mpe fundi aoshee vyuma, usijipe moyo ati ntachanganya na mpya. Fungua na ile skrubu ya chini ya kabureta utoe iliyobaki. Jeti, kile kitundu kidogo cha kupitishia mafuta ndani ya kabureta, ikiziba tumia dawa ya kabureta, usichokore na waya, tundu likipanuka hata kidogo basi utakuwa unalisha pikipiki mafuta na moshi mweusi juu.

Hatua ya 2, filta ya hewa, na hapa ntakaa kidogo maana ndipo injini zinapofia. Mchanga unaouona kwa macho si shida sana, shida ni ule unga unaopeperuka mkifuatana, ukipita filta unaingia silinda na kula ringi na pistoni polepole mpaka siku moja unashangaa pikipiki haina nguvu na inakula oili. Toa sponji, ioshe kwa mafuta taa, sio petroli, petroli inaachisha gundi ya maungio. Halafu sabuni na maji, ibane na viganja itoe maji, usiisokote itachanika. Anika kivulini ikauke kabisa. Paka oili ya filta ukiifinyafinya mpaka rangi iwe sawa kote, ukiona doa jeupe hapo hapana kinga. Ukingoni inapokalia boksi paka grisi. Na kabla hujafunga pitisha kidole ndani ya mdomo unaoelekea injini, kikitoka na vumbi basi filta ilikuwa haikai sawa, tafuta sababu kwanza.

Hatua ya 3, oili ya injini badilisha kabla ya kwenda na ukirudi iangalie tena. Oili ya breki kama ina zaidi ya miaka miwili mwaga, inavuta unyevu na huku pwani unyevu ndio kwao. Cheni usiikaze sana, fuata kitabu cha pikipiki yako, shoki zikibonyea cheni inavutika na iliyokazwa inaua beringi. Na usiijaze oili nzito, mchanga wote utakuja kukaa hapo.

Hatua ya 4, tairi. Kutoka hapa mpaka Malindi ni kama kilomita 120 za lami halafu unavuka daraja la Sabaki ndio Mambrui, kwa hivyo unahitaji presha mbili. Lami nenda na presha ya kawaida, ukifika mchangani shusha mpaka psi 12 hivi kama una rimu loki, kile kibanio kinachoshika tairi kwenye rimu, kama huna ishia 15, maana tairi litateleza ndani ya rimu na kung'oa valvu ya tyubu. Tairi likilegea linakanyaga pana na halizami. Gari la kubebea vitu shusha mpaka 15 hadi 18. Kwodi tayari zinatembea na presha ndogo, psi 4 au 5, na geji ya petroli stesheni haisomi vizuri huko chini, nunua ya kwako. Kusema kweli pesa ya stika na ekzosi ya kelele ningenunua geji na pampu.

Hatua ya 5 ni siku yenyewe. Kusi imepuliza miezi mingi, tuta ulilolijua mwaka jana si hilo tena. Upande upepo unakotoka umelala, upande wa pili umesimama kama nyuzi 30 na zaidi, na ukipanda kwa kasi huoni chochote mpaka ufike juu. Shuka, panda kwa miguu, tazama, ndio uwashe. Kule Imperial Sand Dunes, California, ni sheria kila chombo kiwe na kijiti chenye kibendera kinachofika futi 8 kutoka chini, ili wa upande wa pili akuone mapema. Sisi hakuna anayetulazimisha lakini kijiti ni bei gani jamani.

Wenyeji waulizeni kwanza wapi mnaruhusiwa. Ufuoni msipande, kasa wanafukia mayai pale juu ya maji makuu na tairi linaugandamiza mchanga.

Maswali yenu

Kaka, mimi nina boda ya kawaida 150, naweza kuja?
Njoo, lakini kaa kwenye mchanga mgumu, asubuhi mapema ukiwa bado na umande. Usipande matuta makubwa na tairi za lami. Ukisikia harufu ya kluchi, zima, pumzisha, usilazimishe.

Shekhe nikikwama nifanye nini, mwaka jana nilichimba mpaka ekseli ikazama.
Ukihisi tairi la nyuma linazunguka bila kwenda acha mafuta hapo hapo. Funga koki ya petroli, laza pikipiki ubavu, jaza lile shimo kwa miguu, iinue, toka na gia ya pili taratibu huku ukiisukuma.

Asante kwa somo. Maji nibebe kiasi gani, na mwanangu wa miaka 6 naweza kumpakia?
Dadangu, lita 4 kwa mtu, na moja iwe na chumvi kidogo na sukari. Mtoto abaki kivulini na walio kambini, kwenye tuta usimpakie.

Mzee, nikirudi niiache mpaka kesho nimechoka?
Hapana, chumvi haisubiri. Mwagia maji baridi ya bomba usiku huo huo, bila presha kubwa kwenye beringi, washa injini dakika chache ikauke, halafu cheni uipake oili nyepesi. Filta hata kama unaiona safi itoe.