Jinsi ya kuona imani na tumaini kwa muvi, ngoma na jamu ya Nairobi

Wakristo wengi hapa Nairobi tuko na Mungu Jumapili asubuhi, alafu kutoka Jumatatu tuko na simu. Na tukubali tu, simu ndio inatuhubiria zaidi, maana pasta anapewa kama saa moja hivi na sirizi inakaa na wewe msimu mzima, inakufundisha nani ni shujaa, nani anafaa kulipiziwa kisasi, mapenzi ni nini. So kuambiana tuzime kila kitu ni kupoteza wakati. Cha maana ni ujue unaangalia aje.

Kwanza, acha kuwinda ishara. Kuna wale wakiangalia muvi, mtu akinyoosha mikono tu wanaruka, huyo ni mfano wa Yesu! Hiyo kwangu ni uvivu. Stori ya mtu asiyeenda kanisa hata kidogo inaweza kusema ukweli mtupu kuhusu hatia na msamaha, na kuna zingine zimejaa maombi mwanzo mpaka mwisho lakini zinatudanganya, dada anapiga goti dakika mbili, deni limeisha, ugonjwa umeisha, bwana amerudi na gari mpya. Hiyo haifanani na maisha ya mtu yeyote najua hapa Umoja.

Kama roho inakusuta kwamba vitu vya dunia haviguswi, fungua Matendo 17. Paulo akiwa Athene alitembea akaangalia vitu vyao vya ibada kwa makini, na aliposimama pale Areopago, mahali pa baraza la mji, kuwahubiria akatumia maneno ya washairi wao wenyewe, washairi wa Kigiriki, sio manabii. Kumbuka tu hakusifia kila kitu alichoona, hiyo stori ya Athene yenyewe inaanza akiwa amechukizwa na sanamu zilizojaa mji. Alichukizwa, na bado akaangalia vizuri.

Pili, angalia mpaka mwisho. Klipu ya sekunde thelathini haitakuonyesha tumaini, itakuonyesha hisia tu. Soma Luka 24, wale wanafunzi wawili walikuwa wanaenda Emau, safari ya kilomita kama 11, Yesu mwenyewe akatembea nao njiani na hawakumtambua, walimjua wakati wa kumega mkate, na hapo ndio wakaanza kuulizana, kwani mioyo yetu haikuwa inawaka kule njiani? Walielewa wakiangalia nyuma. Ndio maana mimi sisimamishi muvi katikati nianze kuhubiria watu (na kama unafanya hivyo kwa nyumba yako, ujue watoto wamechoka na wewe).

Ikiisha, jiulize hivi: ni nani alikuwa amepotea au ameumia, ni nani aliyelipa gharama ili mambo yabadilike, na mwisho watu wameachwa wakitegemea nini. Usiulize kama ina matusi tu. Hilo ni swali la kuchagua nani aangalie, sio la kuelewa.

Jaribu na Supa Modo, muvi ya hapa kwetu ya mwaka wa 2018, director ni Likarion Wainaina. Jo ni mtoto mdogo, anapenda mashujaa wa muvi kupita kiasi, na ugonjwa wake hauponi. Mama anamtoa hospitali anamrudisha nyumbani, na dada yake anaanza kumfanya aamini ana nguvu za ajabu, mpaka kijiji chote kinaingia kwa hiyo stori wanasaidia kutengeneza muvi yeye akiwa shujaa. Sasa tumia yale maswali. Aliyeumia ni Jo, lakini pia mama, maana yeye anajua kinachokuja. Gharama inalipwa na watu wa kawaida kabisa, wanatoa muda wao, wanakubali kuonekana wajinga kwa ajili ya mtoto mmoja. Hapo ukikumbuka Paulo akisema mbebeane mizigo, Wagalatia 6, hujalazimisha kitu. Lakini swali la mwisho ndio gumu, wanategemea nini? Upendo wao ni wa kweli na bado hauzuii kifo. Muvi inaachia hapo, na usiibandikie ufufuo ambao haiko nao. Wewe ndio unaamini kuna neno zaidi ya hapo, so sema ni imani yako inaongea, muvi imekuletea swali tu, na imelileta kwa heshima kuliko mahubiri mengi ya mazishi nimesikia.

Kuna ile stori ya Victor Hugo pia, Les Misérables ya 1862, imefanywa muvi mara nyingi. Mfungwa ametoka jela, askofu anamlaza na kumlisha, jamaa anaiba vyombo vya fedha, polisi wanamrudisha na askofu anasema nilimpa, alafu anamwongezea vinara. Uliza tu hapo nani amelipa.

Sasa kitu ya kuchungwa. Zile meseji za WhatsApp za tuma kwa watu kumi upate muujiza kabla ya saa sita, hilo sio tumaini, ni vitisho vimevaa koti la maombi. Na kuna mahubiri ya mtandaoni yanakutenga kidogo kidogo, usiende hospitali, usisikize familia, mwamini mtumishi peke yake. Sisi Wakenya hatuna excuse, kuanzia 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msitu wa Shakahola kule Kilifi, ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ndio wamwone Yesu. Ukisikia mtu hataki aulizwe maswali, toka.

Ngoma sitakaa sana. Usigawanye haraka hii ni ya Mungu hii ni ya dunia. Zaburi nyingi ni malalamiko, na ya 88 inaishia gizani kabisa, haina hata mstari wa asante mwishoni. So wimbo wa huzuni unaweza kukusaidia kuomba, na kuna za injili kazi yake ni kucheka maadui tu.

Alafu maisha yenyewe. Ignatius wa Loyola, padri Mkatoliki wa karne ya 16, aliacha zoezi la kupitia siku mbele ya Mungu, na jamu ya jioni imetengenezewa hiyo kitu. Ukishapata kiti kwa matatu pale stage ya Railways ama Archives, toa earphone, omba mwanga kidogo, alafu rudisha siku kutoka asubuhi polepole, wapi ulipokea kitu hukustahili, mama mboga alikuongezea bila kuulizwa, mtu hakujui akabeba mtoto wako mkipanda. Usizidishe lakini, makanga kukurudishia chenji ni kazi yake, sio muujiza, ingawa kuna siku inakaribia. Pitia pia pale ulipokosea, yule soja wa geti ulimjibu vibaya, omba msamaha, na amua kesho utamwambia nini. Ukifika na hujaona chochote siku nzima, mwambie Mungu hivyo hivyo.

Mwisho usifanye peke yako. Chagueni muvi moja kwa mwezi, watu wanne watano, kwa keja ya mmoja, chai na mandazi, simu zikae kwa meza. Anayependa kuongea aongee mwisho, na kama pasta amekuja basi yeye awe wa mwisho kabisa. Watoto wakiwepo waulizwe wao kwanza, watakuambia nani alikuwa mpweke kabla hujamaliza kusafisha miwani. Mkimaliza someni Luka 15 yote kwa sauti, ni mistari 32, mmoja asome mwana mpotevu na mwingine yule kaka aliyekasirika akabaki nje, na mubishane kidogo kama kaka alikuwa na haki, kabla matatu za mwisho za Rongai hazijapandisha fea.