Mikono kuuma na kukakamaa ukiteremka na baiskeli ya mlimani: anza na breki, glavu baadaye

Unateremka dakika chache tu, vidole vishagoma kukunjuka, kigasha kimekaza kama ubao na ukifika chini kufungua chupa ya maji ni kazi. Wengi wakifika hapo wanakimbilia kununua glavu za sponji au gripu nene (mipira ya kushikia kwenye usukani), na mimi nasema subiri kwanza, maana mara nyingi shida haiko kwenye mkono, mkono umebebeshwa tu kazi ya miguu na ya breki.

Misuli inayokunja vidole kwa sehemu kubwa iko kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, na imezungushiwa utando mgumu usiotanuka sana. Ukikaza bila kuachia damu haizunguki vizuri, misuli inajaa ndani ya nafasi ileile, ndo unasikia ule uzito na kuungua halafu kidole cha breki kinakuwa sio chako tena. Kwa hiyo unachotafuta ni sehemu za kuachia, sio nguvu za kubana zaidi.

Haya, chukua alenki (ile funguo ya pembe sita) tuanze na leva za breki, hapa ndo pana faida kubwa na haigharimu kitu. Shusha siti, egemeza baiskeli ukutani au mtu akushikie, simama juu ya pedeli zikiwa usawa mmoja, kunja viwiko kidogo kama unavyokaa kwenye mteremko. Sasa nyoosha kidole cha shahada. Kinatakiwa kitue kwenye ncha ya leva, pale penye kikunjo, kwa sababu kule mwisho ndo unavuta kwa nguvu kidogo, ukivuta kutoka katikati unatumia nguvu nyingi kupata breki ileile. Kama kidole kinaangukia katikati, legeza kibano cha leva uisogeze ndani, mbali na gripu, mpaka ncha ikutane na kidole. Watu wanashangaa nafasi inayobaki kati ya gripu na leva, usijali, iko hivyo. Na kidole ni kimoja tu kila upande, vingine vitatu na dole gumba vinashika usukani.

Kisha umbali wa leva kutoka kwenye usukani. Kuna skrubu ndogo au kitufe cha kuzungusha kwenye leva, isogeze hadi kiungo cha kwanza cha kidole kikunje juu ya leva bila wewe kujinyoosha, ila ukivuta hadi breki ishike isije ikagonga vidole vilivyoshika gripu. Mwenye mikono midogo hapa atasikia tofauti siku hiyohiyo.

Pembe nayo. Baiskeli nyingi zinatoka dukani leva zikiwa zimeangalia chini sana, hiyo inafaa ukiwa umekaa kwenye siti barabara tambarare. Kwenye mteremko mkali nyonga ziko nyuma, mwili uko chini, na leva ya hivyo inakulazimisha ukunje kifundo cha mkono na kuning'inia kwa vidole. Inyanyue kidogokidogo hadi mgongo wa kiganja na kigasha viwe mstari mmoja, ujaribu, unyanyue tena. Vibano usivikaze kupita kiasi, ukianguka ni afadhali leva izunguke kuliko ivunjike.

Sasa miguu. Uzito wako wote uwe kwenye pedeli, visigino vishuke kidogo, magoti yakunjike, kifua kishuke kwa kukunja nyonga. Kipimo changu ni rahisi, ukiwa kwenye njia laini fungua vidole kidogo juu ya gripu, kama mwili unaanguka mbele au unavutwa nyuma basi mikono ndo imekubeba. Anayejirusha nyuma sana kwa woga ananing'inia kwenye usukani, na huyo anaumia kuliko wote.

Halafu ile tabia ya kuburuza breki kutoka juu mpaka chini, mzee hiyo ndo inamaliza mikono ya watu. Funga breki kwa nguvu pale njia iliponyooka na kuna mshiko, kabla ya kona au mawe, kisha achia kabisa upite. Kila ukiachia kigasha kinapumua sekunde moja mbili, na diski za breki nazo zinapoa. Ukiona kisehemu tambarare, chezesha vidole kimoja kimoja. Na pumua bwana, anayebana pumzi anabana kila kitu.

Ukishapanga hayo yote na bado unavuta kwa nguvu, kagua breki zenyewe. Pedi zilizong'aa kama kioo au zilizoingiwa mafuta hazishiki, leva inayobonyea laini hadi kwenye gripu ina hewa kwenye mfumo wa mafuta ya breki, mpe fundi aitoe. Mtu mzito au anayeteremka milima mirefu atanufaika na diski ya mbele kubwa zaidi, kutoka milimita 180 kwenda 200 au 203, lakini kwanza uhakikishe foko yako (uma wa mbele unaoshika gurudumu) inaikubali.

Foko yenyewe, baada ya kubonyea ikirudi polepole mno inabaki imezama kwenye mawe yanayofuatana na kuwa ngumu, ikirudi haraka mno inakurushia usukani mikononi. Zungusha kile kitufe cha chini ya mguu wa foko mlio mmoja mmoja. Upepo wa tairi pia, watu wanajaza kama wanaenda lami, ukiwa na tairi pana zisizo na tyubu punguza psi (kipimo cha upepo) moja moja hadi usikie inatulia bila rimu kugonga.

Gripu sasa unaweza kuzifikiria. Nyembamba sana unabana, nene sana vidole havifiki, chagua ile ambayo ncha za vidole zinakaribia kiganja bila kukichimba. Kwa mazoezi ya mikono, nyumbani ning'inia kwenye bomba, beba vitu vizito kwa mikono ukitembea, inatosha.

Kuna maumivu mengine yasiyo ya misuli. Ganzi kwenye kidole cha mwisho na cha pete ni mshipa wa fahamu unaogandamizwa upande wa nje wa kiganja, ganzi ya dole gumba, shahada na cha kati ni ule unaopita katikati ya kifundo. Ikija ukiwa unaendesha na ikaondoka, rekebisha pembe na uzito kama hapo juu. Ikikaa siku kadhaa, ikakuamsha usiku au vitu vikaanza kukuponyoka mkononi, acha baiskeli uende kwa daktari.